Konzi moja ya chumvi: jibu kwa mwalimu wa historia

Msomaji mmoja, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, ameuliza hivi: “Ninapofundisha mapambano ya kudai uhuru, wanafunzi wangu hawaelewi ilikuwaje mzee aliyekwenda pwani kuokota chumvi akawahangaisha Waingereza waliokuwa na jeshi. Baadhi yao husema kuwa Waingereza waliondoka India kwa sababu Vita vya Pili vya Dunia viliwafilisi, na kwamba habari ya chumvi imekuzwa tu. Je, kuvunja sheria kwa amani kulikuwa na nguvu gani hasa? Na kwa nini huku kwetu hatukuifuata njia hiyo?”

Ndugu Mwalimu, shaka ya wanafunzi wako ndiyo ile ile waliyokuwa nayo viongozi wenzake Mahatma Gandhi, mzee huyo wa chumvi, mwanzoni mwa mwaka 1930. Chama cha Congress, kilichoongoza madai ya uhuru wa India, kilikuwa kimekutana Lahore mwezi Desemba 1929 na kutangaza kwamba hakitafuti tena madaraka ya ndani chini ya taji la Uingereza bali uhuru kamili, na tarehe 26 Januari 1930 watu walikusanyika mijini na vijijini kula kiapo cha uhuru huo. Kilichobaki ni kuamua ni sheria ipi ianze kuvunjwa. Gandhi alipotaja chumvi, Motilal Nehru na wengine kadhaa waliona jambo hilo halilingani na uzito wa kiapo walichokula, na serikali nayo haikuona sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya kitu kinachouzwa kwa senti.

Ili kuelewa kwa nini wote hao walikosea, ni lazima tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Chumvi ya mwaka 1882 iliipa serikali peke yake haki ya kutengeneza chumvi na kuiuza, kisha ikaongeza kodi juu ya bei. Yeyote aliyepita karibu na mashamba ya chumvi ya Bagamoyo anajua kwamba jua na maji ya bahari hufanya kazi hiyo karibu bila msaada wa mtu. Kwa sheria ile, mkazi wa pwani ya Gujarat aliyekwangua chumvi iliyokauka hatua chache kutoka mlangoni kwake na kuitia chunguni alikuwa mhalifu. Kodi yenyewe haikufika sehemu moja ya kumi ya mapato ya serikali, na kwa tajiri wa Bombay haikuwa kitu. Kwa kibarua anayetokwa na jasho juani kutwa nzima, ambaye chakula chake ni wali au mkate na chumvi, ilikuwa kodi anayoilipa kila anapokula. Tena haikumbagua Mhindu na Mwislamu.

Wanahistoria wengi huishia hapo, kwenye maana ya chumvi kama alama. Mimi naona kuna sababu nyingine yenye uzito zaidi, nayo ni ya kiutendaji. Sheria ya chumvi ilikuwa sheria inayoweza kuvunjwa na mtu yeyote, mikono mitupu, bila kumdhuru jirani yake. Ukiwaambia watu wakatae kulipa kodi ya ardhi, unawaita wenye ardhi peke yao, na kesho yake ardhi hiyo inataifishwa. Ukiwaambia wagome kazini, unawaita wenye ajira. Lakini bibi wa miaka 70 anaweza kuchota maji ya bahari kwa sufuria, akayachemsha mpaka yakauke, na akawa ameivunja sheria ya himaya mbele ya polisi kama alivyoivunja wakili aliyesoma London. Gandhi, aliyekuwa wakili, alikuwa ametafuta kosa ambalo taifa zima lina uwezo wa kulitenda.

Kabla ya kulitenda, alitoa taarifa. Tarehe 2 Machi 1930 alimwandikia Lord Irwin, Makamu wa Mfalme, barua iliyoanza kwa kumwita rafiki, akampelekea kwa mkono wa kijana Mwingereza wa madhehebu ya Quaker aitwaye Reginald Reynolds. Ndani yake alieleza kwamba mshahara wa Irwin ulikuwa rupia 21,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya rupia 700 kwa siku, ilhali kipato cha wastani cha Mhindi hakikufika ana mbili kwa siku, na rupia moja ilikuwa ana 16. Akamweleza pia ni sheria ipi ataivunja na kuanzia lini. Irwin alijibu kwa mistari michache tu kupitia katibu wake. Wanafunzi wako huenda wakauona uwazi huo kuwa ni ujinga wa kivita, kwa kuwa hakuna jemadari anayemtangulizia adui ramani yake. Lakini nguvu ya jambo lote ilikuwa humo: anayevunja sheria kwa siri ni mwizi wa chumvi, na kila serikali inajua namna ya kumshughulikia mwizi; lakini anayeivunja hadharani, baada ya kutoa taarifa, akasimama kungoja pingu, anailazimisha serikali ijibu swali la kama sheria hiyo ni halali.

Tarehe 12 Machi, akiwa na umri wa miaka 60, aliondoka katika makazi yake ya Sabarmati karibu na Ahmedabad akiwa na wafuasi 78, wakatembea kama kilomita 385 hadi kijiji cha Dandi kwa siku 24. Angeweza kupanda treni. Mwendo ule wa pole uliwapa waandishi wa magazeti habari mpya kila jioni, na uliwapa wanavijiji siku za kusikia kwamba anakuja, kujadiliana na kuamua. Njiani aliwaomba wakuu wa vijiji walioteuliwa na serikali wajiuzulu, na wengi walifanya hivyo. Nidhamu ya msafara ilikuwa kali kupita kiasi: alipogundua kwamba gari lilikuwa limetumwa Surat kuwaletea maziwa, aliwakaripia wenzake, na kujikaripia mwenyewe, mbele ya wanakijiji, akisema kwamba mtu aliyemlaumu Makamu wa Mfalme kwa mshahara wake hana haki ya kuishi kwa gharama isiyolingana na kipato cha watu anaowasemea.

Asubuhi ya tarehe 6 Aprili aliinama, akaokota konzi ya tope lenye chumvi. Serikali ilikuwa imekwama tangu siku ya kwanza ya safari. Ikimkamata, inamfanya shujaa na kuthibitisha kwamba himaya inaogopa chumvi. Ikimwacha, kila ofisa wa wilaya anaulizwa kwa nini sheria inamfunga maskini mmoja na kumwachia mwingine. Irwin alichagua kungoja, akitumaini kwamba mzaha utajifia wenyewe. Kwa mwezi mzima wa Aprili chumvi ya magendo ilitengenezwa na kuuzwa barabarani Bombay, Rajagopalachari, kiongozi mwenzake katika Congress, aliongoza msafara mwingine kusini kutoka Tiruchirappalli hadi Vedaranyam, vitambaa vya kigeni vikasusiwa, na wanawake, ambao Gandhi hakuwachukua katika wale 78, wakajaa kwenye milango ya maduka ya nguo na ya pombe kuwazuia wateja. Kufikia mwisho wa mwaka, watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamepita magerezani.

Sasa nifike kwenye kiini cha swali lako, yaani nguvu yenyewe ilikuwa wapi. Katika India ya wakati ule kulikuwa na watu zaidi ya milioni 300, na Waingereza, ukiwahesabu na askari wao, hawakufika 200,000. Maofisa wa ngazi ya juu wa utumishi wa serikali walikuwa kama 1,000 hivi. Haiwezekani watu wachache kiasi hicho wakatawala bara zima kwa bunduki zao wenyewe. Aliyekusanya kodi alikuwa Mhindi. Karani aliyeandika hati ya kumfunga Mhindi mwenzake alikuwa Mhindi. Polisi aliyeshika rungu na sehemu kubwa ya askari walioshika bunduki walikuwa Wahindi. Bunduki ya mkoloni ilikuwa na kidole cha mtawaliwa kwenye kifyatulio. Kwa hiyo kutotii kwa amani hakukuwa ombi la huruma lililopelekwa kwa Mwingereza, kama linavyofundishwa mara nyingi, bali kulikuwa jitihada ya kuyaondoa mashina ya utiifu yaliyokuwa yakiushikilia utawala, moja baada ya jingine: mkuu wa kijiji, mlipa kodi, mnunuzi wa nguo za Manchester, na hatimaye askari.

Ushahidi wa wazi kuliko wote ulitokea Peshawar tarehe 23 Aprili 1930, mbali kabisa na bahari. Huko Abdul Ghaffar Khan alikuwa amewakusanya Wapathani, watu waliosifika kwa visasi na bunduki, katika kundi la Khudai Khidmatgar, waliokula kiapo cha kutodhuru mtu. Alipokamatwa, umati ulijaa katika soko la Qissa Khwani, na askari wakaufyatulia risasi, wakaua watu wengi ambao idadi yao serikali na Congress hawakukubaliana kamwe. Lakini kikosi kimoja cha Royal Garhwal Rifles, ambacho askari wake walikuwa Wahindu, kiliamriwa kuwapiga risasi Waislamu wasio na silaha na kikakataa. Chandra Singh Garhwali na wenzake walishtakiwa katika mahakama ya kijeshi na kupewa vifungo virefu, yeye mwenyewe kifungo cha maisha. Nadhani tukio hilo liliwatisha watawala kuliko chumvi yote ya Gujarat, kwa sababu lilionyesha kwamba amri inaweza kutolewa na bunduki isilie.

Vitabu vingi huipa Dharasana, mahali penye maghala ya chumvi huko Gujarat, nafasi kubwa zaidi, nami sitaipuuza. Gandhi alikamatwa usiku wa manane kuamkia tarehe 5 Mei na kupelekwa gereza la Yerwada bila kushtakiwa, kwa kutumia kanuni ya zamani ya mwaka 1827. Jaji mstaafu Abbas Tyabji, mwenye umri wa miaka 76, akashika uongozi na kukamatwa naye. Zamu ikamfikia mshairi Sarojini Naidu. Tarehe 21 Mei aliongoza wajitoleaji wapatao 2,500 kwenda kwenye maghala ya chumvi ya serikali, wakasonga mbele safu kwa safu, na polisi wakawapiga kwa marungu yenye vichwa vya chuma bila hata mmoja wao kuinua mkono kujikinga. Mwandishi Mmarekani Webb Miller aliwahesabu hospitalini majeruhi 320 na maiti wawili, na taarifa yake ikachapishwa na magazeti zaidi ya 1,000 duniani. Kila nikiisoma habari hiyo najiuliza ni mafunzo ya namna gani yanayomwezesha mtu wa safu ya pili, aliyekwisha kuona mafuvu ya safu ya kwanza yakipasuka, kupiga hatua. Hapo ndipo wanafunzi wako waelewe kwamba amani hiyo haikuwa upole wa kuzaliwa nao. Mwaka 1922 Gandhi alikuwa ameisimamisha kampeni nzima baada ya umati wa Chauri Chaura kuchoma kituo na kuua polisi zaidi ya 20, na wengi katika Congress walimlaumu. Miaka minane iliyofuata ilitumika kujenga watu watakaoweza kupigwa bila kurudisha.

Je, walishinda? Kwa kipimo cha chumvi, hapana. Mapatano ya Gandhi na Irwin ya tarehe 5 Machi 1931 yaliwafungua wafungwa na kuwaruhusu watu wa maeneo yenye chumvi kujitengenezea ya matumizi ya nyumbani, lakini sheria haikufutwa na kodi iliendelea. Gandhi alikwenda London kwenye mkutano wa meza ya duara wa kujadili katiba ya India, akarudi mikono mitupu, na mapema Januari 1932 alikuwa gerezani tena. Makamu mpya wa Mfalme, Lord Willingdon, hakurudia kosa la Irwin la kungoja. Alikamata viongozi kwa pamoja, akapiga marufuku kamati za Congress na kutaifisha fedha zao, na kufikia mwaka 1934 kampeni ilikuwa imezimika. Zaidi ya hapo, nje ya jimbo la mpakani la kaskazini-magharibi, yaani upande wa Peshawar, Waislamu wengi walikaa kando mwaka 1930, na ufa huo ndio uliokuja kuipasua nchi. Mwalimu anayeificha sura hii anawapa wanafunzi hekaya.

Hivyo wale wanaosema vita ndivyo vilivyowafilisi Waingereza wana hoja. Mwaka 1945 Uingereza ilikuwa na deni kwa India yenyewe la zaidi ya pauni bilioni moja. Ila nawaomba wajiulize kwa nini dola iliyofilisika haikukopa ili kuishika tunu yake kubwa kuliko zote, kama Ufaransa, iliyokuwa hohehahe vilevile, ilivyopigana miaka minane kuishika Indochina. Februari 1946 mabaharia wa jeshi la majini la India waligoma Bombay, wakianza na malalamiko ya chakula kibovu na matusi ya kibaguzi, na mgomo ukasambaa hadi Karachi na bandari nyingine. Wao hawakuwa wafuasi wa kutotumia nguvu, na Congress iliwasihi wasalimu amri. Lakini mabaharia wale walimaliza kuonyesha kile askari wa Garhwal walichokianza: mkoloni hangeweza tena kumtegemea aliyeshika bunduki kwa niaba yake. Kwa maoni yangu, vita viliamua tarehe ya kuondoka, na miaka ya kususia na kukataa iliamua kwamba kungoja hakutasaidia.

Ama kuhusu huku kwetu, swali lako linaanzia mahali pasipo sahihi, maana njia yenyewe ilizaliwa Afrika. Gandhi alipita Lamu, Mombasa na Unguja mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini, na ni Johannesburg, tarehe 11 Septemba 1906, ambako Wahindi waliapa hadharani kutoitii sheria ya kuwaandikisha kwa alama za vidole. Miaka miwili baadaye walichoma vyeti zaidi ya 2,000 ndani ya chungu kikubwa cha chuma karibu na msikiti wa Hamidia. Inabidi tuseme pia kwamba Gandhi wa miaka ile hakumpigania Mwafrika, na baadhi ya maandishi yake ya ujana kuhusu Waafrika ni ya dharau tupu. Sarojini Naidu naye alikuwa amefika Mombasa mwaka 1924 kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki, miaka sita kabla ya Dharasana.

Na Waafrika wa Kenya walikwisha kuijaribu njia hiyo bila kufundishwa na mtu. Tarehe 16 Machi 1922 umati usio na silaha ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe; ulipigwa risasi, serikali ikahesabu maiti 21, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wa waliouawa, na Thuku akapelekwa Kismayu. Hakukuwa na Webb Miller pale kituoni, na walowezi waliokuwa karibu na gavana hawakuwa na haja ya kuona haya. Miaka 16 baadaye, Julai 1938, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba, pamoja na wanawake na watoto, kutembea kutoka Machakos hadi Nairobi kwa sababu serikali ilikuwa imewanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo. Walipiga kambi kwa wiki kadhaa, wakakataa kuondoka bila kumwona gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu uliachwa kabla mwaka haujaisha. Kama ningekuwa darasani kwako, ningewapa wanafunzi matukio haya mawili wayalinganishe na Dandi kabla ya kuwatajia neno Mau Mau, ndipo waulize ni nini kilichobadilika kufikia Oktoba 1952, pale viongozi waliokuwa na uwezo wa kuongoza mgomo wa amani walipokamatwa kwa usiku mmoja.

Tanganyika ni habari nyingine. Katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, wajumbe wengi walitaka kususia uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na baadhi walitaka susio hilo lifuatwe na mgomo wa nchi nzima. Lilikuwa pendekezo la Kigandhi kwa kila hali. Nyerere alilipinga, akawashawishi waingie katika uchaguzi walioudharau, na Zuberi Mtemvu akajitenga kuunda chama chake. Hesabu ya Nyerere, kama ninavyoielewa, ilikuwa kwamba Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwamba walowezi wake walikuwa wachache, na kwamba chama kilichokuwa na nafasi ya kushinda kwa kura hakikuwa na sababu ya kumpa gavana kisingizio cha kukifunga. Katikati ya mwaka huo huo yeye mwenyewe alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika kijarida cha Sauti ya TANU, akatiwa hatiani na kupewa hiari ya kulipa faini ya pauni 150 au kufungwa miezi sita. Gandhi angekwenda gerezani, na Tanganyika nzima ingemfuata hadi mlangoni. Nyerere alilipa, kwa kuwa awamu ya kwanza ya uchaguzi ilikuwa Septemba.